Steshenari ya Tabora isiyosoma karatasi za watu

Bei kwanza, maana najua wengi ndizo mnazotafuta. Kopi ni shilingi 100, kuprinti nyeusi 200, ya rangi 500, kuchapa barua ukurasa mmoja 1,500, na kusaidiwa kujaza maombi ya kazi mtandaoni 5,000. Si rahisi kuliko wenzao. Ukishuka kuelekea Soko Kuu utachapiwa barua kwa buku moja, na ukijua kubembeleza utarudishiwa hata mia mbili. Mashine yao ya kopi ni ya siku nyingi, hutoa mstari mwembamba pembeni mwa karatasi, na printa ya rangi ina siku zake za kususa. Mwenye haraka na mwenye kubana matumizi aende sokoni, hatajuta sana.

Mimi naenda pale kwa ajili ya adabu yao. Nieleze ni adabu ya namna gani, kwa sababu siku hizi ukisema mahali fulani wana huduma nzuri, watu wanafikiria binti anayekuchekea toka mlangoni na kukuita "mpendwa". Pale hakuna mpendwa. Binti wa kaunta hacheki hovyo, na kijana wa kompyuta ukimkuta ana kazi atakuambia "Shikamoo mama, nakuja" bila kuinua kichwa. Anayetaka kudekezwa ataona wamenuna.

Nilikuwa katibu muhtasi mpaka nilipostaafu. Uhazili nilisoma hapahapa Tabora, enzi hizo chuo bado kinaitwa Chuo cha Uhazili, kabla hakijawa kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Watu wanakumbuka hatimkato, maneno themanini kwa dakika, na kelele za taipureta darasa zima. Mimi ninachokumbuka zaidi ni zoezi ambalo halikuwa na mtihani: mgeni akiingia ofisini, unageuza karatasi iliyo mezani ndipo unaitikia salamu. Mkono unatangulia, mdomo unafuata. Tulirudia mpaka ikawa kama kupepesa jicho. Basi siku niliyoingia kwenye steshenari ile kutoa kopi ya kadi ya bima, nikamwona yule binti akiitandaza karatasi ya mteja mwingine kifudifudi, kisha ndiyo akaniamkia. Hakunitazama kama nimeona. Nikasema moyoni, huyu mtoto kafundishwa na watu. Baadaye nikajua amesomea masjala kwenye chuo kilekile.

Kwa wasiojua maisha ya steshenari, hebu fikirieni nini kinapita juu ya kaunta ile kwa siku. Cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba ambalo mtoto mwenyewe ndiyo kwanza analiona. Barua ya kuachishwa kazi. Majibu ya hospitali ya Kitete yanayopelekwa kwa mwajiri. Hati ya talaka. Mkataba wa kuuza kiwanja ambao ndugu wengine hawana habari nao. Matokeo ya mtoto aliyepata sifuri. Tabora si Dar es Salaam; mtu wa Isevya anamjua wa Kanyenye, na wa Ng'ambo ana shemeji Cheyo. Karatasi ikisomwa kwa sauti saa nne asubuhi, jioni imeshafika kwenye msiba inaliwa na ubwabwa.

Na zinasomwa. Nimewahi kuingia steshenari moja, siyo hii, mhudumu akapokea barua ya mama mmoja, akaisoma akiwa anatafuna, kisha akauliza mbele ya watu wote, "He, kumbe mmeshaachana?" Yule mama alichukua kopi yake akaondoka bila chenji. Mhudumu akatugeukia sisi kama vile tulikuwa tumemwomba taarifa ya habari. Hakuwa na nia mbaya, nadhani. Hakuna aliyemwambia kwamba kuona ni sehemu ya kazi yake na kusema si sehemu ya kazi yake.

Tena kuna suala la karatasi zilizoharibika, ambalo watu hawalifikirii kabisa. Ukinunua karanga stendi unafungiwa kwenye karatasi, sivyo? Nilipomaliza zangu siku moja nikakuta mkononi nimeshika fomu ya mkopo ya mtu wa Urambo: jina lake lote, namba ya simu, kiasi anachoomba, na pale kwenye sababu kaandika "ada na matatizo ya kifamilia". Karatasi ilikuwa na doa la wino pembeni. Hadithi yake haihitaji mpelelezi. Mashine iliitafuna, ikatolewa nyingine safi, ile mbovu ikatupwa kwenye boksi, boksi lilipojaa likauzwa kwa muuza karanga. Yule bwana yuko Urambo anangoja mkopo wake, na sisi huku tunajua shida zake zikiwa na chumvi.

Kwenye steshenari ninayoisimulia, kopi iliyoharibika unaonyeshwa. Binti anauliza, "Mama, hii imeharibika, unaichukua au niichane?" Ukisema achane, anaichana mara mbili mbele yako, vipande vinaingia kwenye mfuko wa taka. Kisha anafanya jambo moja ambalo naomba kila mwenye mashine ya kopi alijue: anafunua kifuniko cha mashine na kutazama kama karatasi halisi imebaki pale kiooni. Vyeti vingapi vimepotelea pale! Mtu anatoka na kopi tano, cheti chenyewe kimelala ndani ya mashine, anayekuja baada yake anakutana nacho. Binti anafunua, anatoa, anakuhesabia mkononi: halisi hii, kopi hizi. Ndipo anataja hela.

Kijana wa kompyuta naye ana yake. Watu siku hizi wanatuma nyaraka kwa WhatsApp ya duka, wanaprintiwa, wanaondoka, na nyaraka zinabaki kwenye simu ya mhudumu pamoja na picha za harusi ya dada yake. Yeye akishaprinti anaigeuza simu upande wako: "Nafuta, angalia." Kwenye kompyuta anafuta faili, halafu anakwenda pale kwenye pipa la taka la kompyuta anafuta tena. Na ukiwa unafungua akaunti yako ya Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali, ukifika kwenye paswedi, anasimama na kwenda kupanga rimu za karatasi ambazo zimeshapangika.

Hapo kwenye paswedi ndipo anapogombana na wateja. Steshenari nyingi zina lile daftari kubwa la kaunta, limejaa majina, namba za NIDA na paswedi za watu, kwa sababu wateja wenyewe wanasahau na wanataka watunziwe. Ni msaada kweli, sikatai. Lakini daftari linakaa wazi mezani, anayesubiri kopi analifunua kama gazeti. Wao hawana daftari hilo. Wanakuandikia kwenye kikaratasi, wanakupa, yameisha. Nilimkuta dada mmoja amewaka: tangazo la kazi linafungwa usiku ule, amepoteza kikaratasi, na steshenari aliyozoea zamani "walikuwa wanakaa nayo". Kijana hakumjibu vibaya, hakumwambia ni kosa lake. Alimsaidia kuomba paswedi mpya kwa barua pepe, na barua pepe nayo ikawa paswedi yake imesahaulika, ikabidi waanze na simu. Walikaa muda mrefu. Alimtoza ileile 5,000. Duka linapoteza wateja kwa msimamo huu, naliona kwa macho yangu, na mimi naunga mkono msimamo wao.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na inataka taarifa za mtu zichukuliwe kwa kusudi linalojulikana na zisitumiwe kwa jingine. Kwenye utumishi wa umma tulikuwa na kanuni za maadili kabla ya hapo, zile nane zinazotundikwa ukutani kwenye fremu, na mojawapo ni matumizi sahihi ya taarifa. Nimekaa chini ya fremu hiyo kwenye ofisi kadhaa, na chini ya fremu hiyohiyo nimesikia mshahara wa mtu ukijadiliwa na madereva. Fremu haimzibi mtu mdomo. Yule kijana sijawahi kumsikia akitaja sheria yoyote. Ninachomwona ni kwamba akipewa karatasi anaishika kwa namna ambayo angependa ya mama yake ishikwe.

Mtaniuliza, anachapaje barua bila kuisoma? Lazima asome. Ila kuna kusoma kwa vidole na kuna kusoma kwa umbea, na anayekaa pembeni anaona tofauti. Alikuja mwalimu mmoja na barua ya kuomba ruhusa ya kwenda masomoni, ameiandika kwa mkono, wino umekandamizwa mpaka upande wa pili. Barua inakwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Kijana alichapa anuani, akasimama, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu samahani, hii inapitia kwa mkuu wa shule au inakwenda hivihivi?" Mwalimu akakaa kimya kidogo. Mkuu wa shule ndiye waliyekuwa hawaelewani, hilo lilionekana usoni. Akasema, "Weka apitie." Kijana akaongeza mstari wa kupitia kwa mkuu wa shule, akaendelea. Mbele kidogo akasimama tena. "Na hapa, 'nimechoka kuwaomba', niuweke kama ulivyo?"

Hakusema usiuweke. Hakusema barua ya kikazi haiandikwi hivyo, ingawa haiandikwi hivyo. Aliuliza tu, kidole chake kikiwa kwenye mstari, macho yake kwenye kioo cha kompyuta. Mwalimu akausoma mwenyewe, akacheka peke yake, akasema toa, weka "nakumbushia". Barua ikatoka imenyooka: Yah, husika na kichwa cha habari hapo juu, mpaka saini. Mimi niliwahi kukaa na wakubwa ambao wangemaliza saa nzima wakimweleza mwalimu yule kwa nini hana adabu, na asingewasikiliza hata dakika moja.

Salamu zao pia ni za kuangalia. Sisi Wanyamwezi hatuna haraka na salamu, na wazee wanaotoka Sikonge au Uyui na karatasi zao za chama cha msingi cha tumbaku hawaanzi na shida, wanaanza na mwangaluka, kisha nyumba, kisha mvua. Binti anaitikia, na akiwa amekaa anasimama. Siku moja alikuwepo mzee wa hivyo, karatasi zake zimeshapokelewa, akaingia bwana mmoja wa tai, jalada kwapani, akaliweka juu ya karatasi za mzee na kusema ana kikao. Binti akamwamkia shikamoo, kwa heshima zote, huku akiliinua lile jalada kwa mikono miwili na kuliweka upande. "Namalizia za babu, baba, kisha zako." Heshima alipewa, foleni hakupewa. Bwana akatazama saa, akakaa. Nilipenda ile mikono miwili. Angelisukuma kwa mkono mmoja pale pangewaka.

Wengi wanakosea hapo, na si kwenye maduka tu. Ofisini tunachanganya umri na cheo mpaka kazi inakwama: afisa kijana anaona haya kumtuma mhudumu mtu mzima, anabeba majalada mwenyewe na kununa, au mtu mzima anaona kuamkiwa kunamtosha, kazi si lazima. Yule binti amevitenganisha bila semina.

Utani nao wanaujua mpaka wake. Kuna mteja wao Mzaramo, mtani wetu tangu enzi za misafara ya Bagamoyo, Wanyamwezi tulipokuwa wapagazi, hawezi kuingia kimya. "Mnyamwezi leo umekamata kompyuta, mzigo umemwachia nani?" Kijana bila kugeuka: "Nilimwachia babu yako pale Bagamoyo, mpaka leo hajaufikisha." Duka zima linacheka. Ila siku hiyohiyo Mzaramo akanogewa, akainama kutazama karatasi ya mama aliyekuwa anahudumiwa na kuanza, "Ehee, na huyu naye…" Kijana aliacha kucheka hapohapo, akageuza kioo cha kompyuta upande wa ukutani, akamwambia, "Mtani, karibu ukae, zamu yako inakuja." Na mtani akakaa. Utani ni wa mimi na wewe. Mteja wa tatu hayumo.

Sasa mabaya yao, nisije nikaonekana nimelipwa.

Mwenye duka, mzee mmoja mstaafu, mtu mwema, anapokea simu kwa spika. Kila simu. Vijana wake wanageuza karatasi kifudifudi huku bosi wao anatangaza mambo yake mwenyewe kwa mtaa mzima: tunajua shamba lake la mahindi lina heka ngapi, tunajua nani anamdai na nani amemwibia mbolea. Kuna siku pia alimfokea yule kijana mbele yetu kwa sababu ya wino wa printa ulioagizwa siyo wenyewe. Kijana akasema "sawa baba", akaendelea kuchapa, lakini masikio yalikuwa mekundu na sisi wateja tukawa tunasoma kalenda ukutani. Mfanyakazi akikosea unamwita pembeni. Jambo hili halihitaji chuo. Nilimngoja mzee alipotoka nje kwenye mwembe nikamwambia hivyo, taratibu. Akanijibu, "Mama, wewe bado uko ofisini tu." Hakukataa lakini. Na wiki zilizofuata sijamsikia akifoka, simu za spika ndiyo zinaendelea.

Risiti hawatoi mpaka uombe, hilo halijakaa sawa. Ukiomba wanatoa bila kununa, ila kwa nini niombe? Umeme ukikatika hawana jenereta, mnakaa wote mnatazamana, na kiti cha wateja ni kimoja. Wazee wanasimama wakiwa wameegemea kaunta. Kwa duka linalomsimamia babu foleni yake, kumwachia asimame miguu imuume ni aibu ndogo inayoepukika. Na chenji, jamani. Shilingi 100 ya kopi huleti noti ya elfu kumi asubuhi, lakini wao nao wanaweza kuweka sarafu.

Jina la duka silitaji kwa kuwa mzee mwenyewe aliniomba nisimtangaze, anaogopa msururu. Liko mtaa wa nyuma ya Soko Kuu, kibao cha bluu kimepauka mpaka hakisomeki, mwembe mkubwa mbele. Ukimuuliza bodaboda yeyote pale "steshenari ya mzee wa simu", utafikishwa.

Wanafungua saa mbili asubuhi. Ijumaa mchana wanafunga kwa swala, msigongegonge mlango. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, na maombi ya vyuo na mikopo yakianza, nendeni asubuhi mapema, maana hapo hata adabu yao inazidiwa na idadi ya watu. Flashi yako isafishe virusi kabla. Barua ikiwa ya ugomvi, iandike kwa mkono nyumbani, ilale usiku mmoja, kesho ndiyo uipeleke. Kijana atauliza mara moja tu, hatakushika mkono.

Suala la benchi nimeshalifikisha kwa mzee. Amesema ataleta fundi akishauza mahindi. Na kwa simu tunazosikilizishwa, mahindi mwaka huu yamekaa vizuri.